Maji

Mwezi wa kumi unakatika. Ndoo ya nje
imeota ngozi ya barafu, nyembamba kama kioo cha saa,
na Urho wa ng'ambo ya barabara keshafunika boti yake
tangu Jumapili. Kila akipita huitazama yetu,
hasemi kitu. Watu wa huku husengenya kwa macho.

Basi nimeirudisha mwenyewe, treila na yote,
kinyumenyume hadi bandani:
mara tatu ikapinda, ya nne ikaingia.
Banda halina joto. Halijawahi kuwa nalo.
Joto ni la watu, Taisto alizoea kusema,
chuma kinataka ukavu tu.

Leo amekaa juu ya kreti la samaki, blanketi magotini,
mkono wa kulia umelala mapajani kama paka wa jirani.
Tangu Juni maneno yamemhama.
Yamebaki manne: ndiyo, hapana,
Lempi, jina la dada yake,
na maji.

Kazi hii naijua kwa masikio.
Miaka thelathini na minane nimeisikia
kwa dirisha la jikoni, nikimenya viazi:
injini ikikohoa ndani ya pipa la maji safi
hadi tope la Pielinen liishe kooni mwake,
kisha mluzi wake Taisto akipulizia oili kwenye silinda,
moshi wa buluu kidogo, halafu kimya.
Nafuata sauti zile zile, moja baada ya moja,
kama mtu aliyekariri sala ya lugha asiyoijua.

Petroli nimeitia dawa isichache.
Betri nimeipakata hadi ndani, nzito kama mtoto anayegoma.
Kwenye shafti ya rafadha nimekuta mshipi umejiviringisha,
mshipi wangu, wa kiangazi cha juzi,
wa samaki yule aliyenicheka naye siku nzima.
Nimeukata kwa kisu cha mkate.

"Maji," akasema.
Nikamletea bilauri. Akatikisa kichwa.
"Maji."
Nikaleta ya moto, yenye asali. Hapana.
Akalipiga kreti kwa kisigino, maji, maji,
jasho likimtoka katika baridi ile,
nami nikafoka, nikasema neno
nisilotaka kuliandika hapa.

Akanyosha mkono wa kushoto. Chini.
Kwenye mguu wa injini, skrubu ndogo
niliyokuwa nimeipita,
maana kuibadili oili ya gia hakuna mlio.
Hakuna anayeisikia kutoka jikoni.

Nikaifungua. Yakatangulia maji,
kijiko, vijiko viwili,
kisha oili, rangi ya kahawa ya maziwa.
Mpira wa kuziba umechoka.
Ningeyaacha humo, Januari ingeyageuza kabari,
chuma kikapasuka usiku mmoja
sisi tukiwa tumelala, tusijue hadi Mei.

"Ndiyo," akasema Taisto.

Nikasubiri hadi tone la mwisho, magoti yakiganda.
Nikatia oili mpya kutoka chini kwenda juu,
nikaiacha injini imesimama wima,
nikang'oa kizibo cha tezi, nikafunga turubai
kwa fundo la kifurushi, ndilo ninalolijua.

Ukutani, karibu na swichi, ana safu yake ya penseli:
mwaka, tarehe, neno moja.
Safi. Safi. Safi.
Mwaka 1994 ameandika "nyoka".
Sikuwahi kumuuliza, na sasa
kwa maneno manne hawezi kunieleza.

Nikaandika chini yake: Oktoba 29. Maji.
Mwandiko wangu mkubwa mno,
umekula nafasi ya mwakani.
Aliutazama kitambo.

"Lempi," akasema, jina ambalo siku hizi
ni kahawa, ni mto wa kulalia, ni mlango,
na mara nyingine ni mimi.
Nikazima taa.